Mayai Freshi Yamenitesa Miaka Minne

Jameni, miaka minne nimesifu mayai freshi, kumbe ufreshi ndio ulikuwa unaniaibisha!

Mnajua nauza mayai boilo hapa steji ya Olympic. Namenya mbele ya mteja, napasua, najaza kachumbari. Lakini ganda langu hutoka na nusu ya yai, kachumbari inamwagikia mtu viatu.

Leo fundi Mutua, wa mayai kumi kila asubuhi, ameinua moja akaliangalia.

"Madam, hili limepigana na paka? Ukinipea ingine hivi, nahamia kwa yule muuzaji wa ng'ambo ya barabara."

Mayai kumi, kila siku!

Nikawaka. Nikamwambia yangu yametagwa jana, na huyafuata mwenyewe Kawangware alfajiri.

Mama Akinyi, jirani yangu muuza dagaa wa omena, akacheka mpaka akashika meza.

"Si ndiyo shida hiyo! Yai la jana hung'ang'ania ganda kama mpangaji aliyepata nyumba yenye maji. Chemsha ya wiki jana, wewe. Maji yachemke kwanza, uyatumbukize dakika kumi na moja, kisha beseni la maji baridi."

Nilikuwa na trei iliyobaki ya wiki jana, nilitaka kuirudisha Kawangware kwa kuwa si freshi. Nikachemsha na hasira zangu, Mutua akingoja.

Mayai thelathini. Ishirini na tisa yametoka mazima, laini kama shavu la mtoto! Nimepiga kigelegele barabarani. Mutua amebeba kumi, na mawili amekula akiwa amesimama.

Sasa nishaurini: kesho nitaita wateja aje? "Kujeni, mayai ya wiki jana"?