Siku Niliyowavua Viatu Mwaka wa Kwanza

Nianze na upumbavu wenyewe nisije nikaurembesha: nilivaa tisheti isiyo yangu. Ilikuwa ya binamu yangu Okello, wa mwaka wa pili chuoni, njano kabisa, ile ya washauri wanaowapokea wanafunzi wapya, na yeye malaria ilimlaza akanituma niirudishe tu, basi. Mimi bado niko sekondari, na asubuhi hiyo nilipaswa kuwa darasani (kemia, mnielewe). Lakini washauri walikuwa wanagawiwa roleksi bure, ile chapati ya moto iliyoviringishwa na mayai, nikaona niivae kidogo.

Hata sikumaliza kutafuna. Wageni wakanizunguka kama vile chuo nilikijenga mimi. "Kaka, usajili ni wapi?" Nikawapeleka kwenye mstari mrefu kuliko yote, nikidhani ndio wenyewe. "Kuna masharti, sebo?" mwingine akauliza, akiniita bwana kabisa. Nikajibu bila kutabasamu, "Ofisini huingii na viatu. Unavishika mkononi."

Nilitegemea wacheke. Jamani, waliinama wakavua! Wakawaambia wa nyuma, nao wakawaambia wengine, mpaka mstari mzima ukawa pekupeku kwenye kokoto, nami napita pembeni kama afande anayekagua gwaride.

Ndipo nikaziona buti. Buti za polisi, kisigino cha kushoto kina ufa ninaouziba kwa kiwi kila asubuhi huko kambini kwetu Ntinda. Aliyezishika ni Mama. Mama yangu, koplo, aliyetuaga kwamba ana zamu Nakivubo! Mkono wa pili ulishika barua ya kukubaliwa chuoni. Mwaka wa kwanza. Mama!

Nikamkodolea macho. Yeye naye akanikodolea macho, kisha akaikodolea tisheti.

Karani akachungulia dirishani. "Nyie mmekuja kusali? Vaeni viatu! Hapa ni hosteli. Usajili uko jengo lile, unafungwa saa sita, na leo ndiyo mwisho."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

"Mshauri gani huyu!" mtu akafoka. Sikungoja matusi mengine, nikanyakua mkoba wa Mama tukakimbia, yeye na buti mkononi, na mstari wote nyuma yetu. Walitupokea wakiwa karibu kufunga.

Mama alipotoka akakaa kwenye ngazi, akafunga kamba za buti polepole, akasema:

"Baba yako nitamwambia mwenyewe, siri yangu na yako. Tisheti ya watu rudisha. Kazi ya mshauri baki nayo: kompyuta siijui, na kozi yangu ni miaka mitatu."