Chokaa Imelala Upande Gani

Walimu wengine huingia darasani na chaki. Mwalimu Sabuni aliingia na ndoo. Humo mlikuwa na sabuni za kufulia, buluu, nyeupe na njano, alizozigandamiza nyumbani moja juu ya nyingine mpaka zikawa bonge moja lenye matabaka kama ya miamba. Aliliinamisha mezani, akalikata juu kwa waya likawa sawasawa, kisha akakwangua bonde kwa kijiko. Hapo utepe wa sabuni nyeupe, ukifika bondeni, ulipinda kona.

"Kona inachungulia wapi?" aliuliza. "Basi huko ndiko mwamba ulikolala chini kwa chini."

Mumewe, fundi cherehani, alishachoka. "Mama watoto, shati langu nilifue kwa ramani?"

"Livae hivyo hivyo, baba. Nani anakukagua?"

Yeye ndiye aliyekuwa anakaguliwa. Somo la ramani za miamba lilikuwa limefelisha watoto miaka mingi, tangu kabla hajalipokea, na sasa mkaguzi alikuwa anakuja kuamua lifutwe au libaki. Mkuu wa shule alikuwa na dukuduku lake pia: mwalimu huyu, mtoto akipata anamwuliza "Una hakika?", akikosa anamwuliza hivyo hivyo. "Unawachanganya watoto wa watu," alimwambia. Mwalimu Sabuni akamjibu kwamba asiyejua kwa nini amepata, hajapata. Kichwa kigumu, mama huyu, lakini nani angemlaumu? Somo lile alilipenda kama mwanawe wa kumzaa.

Mkaguzi akaja, miwani puani, ramani yake mwenyewe kwapani, mkuu wa shule nyuma yake. Alimwomba mwalimu akae nyuma na asitie neno. Asitie neno! Heri angemwambia asipumue.

Ramani ikatundikwa ubaoni. Mkaguzi akaonyesha utepe wa mwamba wa chokaa unaokatiza mto. "Hapa chokaa iko juu ya ardhi. Nikitaka kuifuata chini kwa chini, nichimbe upande gani?"

Akasimama binti wa kiti cha dirishani, ambaye wenzake walimwita Bubu kwa uchache wa maneno. Mwalimu Sabuni akashika kichwa. Kati ya wote, huyu?

"Upande mto unakoteremkia," binti alisema. "Kona ya chokaa inachungulia huko."

"Una hakika?" Mkaguzi akagusa mstari mwembamba wa kahawia. "Mbona kona ya huu inaangalia mto unakotoka?"

Darasa likaanza kunong'ona. Wawili watatu wakanyoosha mikono kudakia kwamba ni kweli, chokaa imelala mto unakotoka. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa kama anayekubali. Mwalimu Sabuni aliuma kitambaa chake, machozi yakimlengalenga, akaona somo lake linazikwa mchana kweupe.

Bubu hakukaa. Alikwenda ubaoni, akaweka kidole kwenye ule mstari wa kahawia, akamgeukia mkaguzi.

"Shikamoo mwalimu, samahani. Huu si mwamba. Ni kontua, unaonyesha kimo cha ardhi tu. Kwenye bonde la mto kontua hupinda kuelekea mto unakotoka, hata kama chini ni udongo mtupu." Akahamisha kidole. "Mwamba ni huu. Ukichimba huko unakosema, utachimba mpaka uzeeke."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta taratibu, akacheka na yeye.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakutega. Shule zote nilizopita, hapo ndipo wanaponaswa." Akamgeukia mkuu wa shule. "Somo libaki."

Jioni, kabla hata ya kuvua viatu, Mwalimu Sabuni alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Fundi akasimamisha cherehani.

"Enhe? Wamelifuta?"

"Limebaki."

"Alhamdulillahi! Sasa mbona unalia?"

"Achana na somo, baba watoto. Kuna binti darasani kwangu, mwaka mzima hajafungua mdomo, mimi nikidhani hasikii kitu. Leo mtu mzima kamwambia amekosa, mbele ya watu wote." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na hakukaa chini."