Kichuguu Namba Kumi na Saba

Kaka yangu ndiye mtu wa kwanza upande wetu wa Masakta kusomea kompyuta mpaka shahada ya uzamili, na mimi ndiye niliyemsaidia kuipata. Nimeanza na hilo kwa sababu nikifika mbele sitaweza kujisifu tena.

Alipoanza kuomba nafasi alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya shamba la ngano la serikali. Alikuwa na digrii ya hesabu, mashati mawili meupe, na ufunguo wa chumba chenye kompyuta pekee niliyowahi kuiona. Ilikuwa na maandishi ya kijani, na jioni ikizimwa walikuwa wanaifunika shuka kama maiti. Nilimwambia hivyo. Akanitoa nje.

Fomu zilikuja kutoka ng'ambo kwa posta ya Katesh. Kaka alizijaza kwa mashine ya chapa, akifuta kosa moja kwa nusu saa, huku bibi yetu akimwangalia kama anayemwangalia mtu anayechimba shimo. Palipoulizwa kwa nini anataka kusoma, kaka aliandika kwamba atatengeneza programu ya kuyapangia matrekta njia fupi, yasizunguke ovyo shambani. Mimi nilimshauri aandike kwamba amechoka na ugali wa nyumbani.

"Cheka tu," bibi akaniambia. Kisha akamgeukia kaka. "Matrekta yakipita njia fupi, mjukuu wangu, yatampitia nani?"

Kaka akasema, "Bibi, ni hesabu tu."

Bibi alikuwa na sababu ya kuuliza. Kwetu mzee wa ukoo anayestahili heshima akifa tunamjengea bung'eda, kaburi la kilima cha udongo na miti, linalopandishwa kwa miezi mingi watu wakiimba. Babu alijengewa la kwake katika malisho yetu. Baadaye malisho yakawa shamba la ngano, na babu akabaki katikati ya ngano. Madereva wa zamani walikuwa wanamzunguka. Hakuna aliyewaagiza kwa maandishi. Walijua tu, na wengine walikuwa wanapunguza mwendo. Kila msimu bibi alikwenda kumwagia maziwa na kumwekea nyasi mbichi.

Kaka akakubaliwa, akaondoka. Baada ya mwaka akarudi kwa wiki mbili kukusanya vipimo vya tasnifu yake, na mimi nikapewa kazi. Yeye alichukua upande wa korongo, mimi nikachukua upande wa babu. Nilitakiwa kuhesabu hatua kutoka kwenye mgunga wa mpakani hadi kila kizuizi, kisha niandike alama. Moja ni mti, trekta lizunguke. Mbili ni korongo, lizunguke. Tatu ni kichuguu, kiondolewe.

"Usiache nafasi wazi," kaka akasema. "Mashine ikikuta nafasi wazi inakwama."

Nikafika kwa babu. Hatua mia nne na kumi na mbili. Hakukuwa na alama ya babu.

Babu alikuwa mfupi, mpana, na hakuwahi kutulia mahali. Bibi mwenyewe alikuwa anasema mumewe ana mchwa mwilini. Basi nikaandika tatu. Kwenye orodha yangu alikuwa kizuizi cha kumi na saba. Nilicheka peke yangu pale shambani, nikapanga nimwonyeshe kaka jioni acheke, tubadilishe. Lakini gari la ofisi liliondoka mapema kwenda Arusha, likamchukua kaka na daftari langu, nililokuwa nimeliacha ofisini.

Nilikuwa nasoma bweni kule Daudi, kwenye baridi. Nikamwandikia: "Kaka, namba kumi na saba ni mtu wetu. Usimwondoe."

Sasa, kabla ya hapo nilikuwa nimeshamwandikia kwamba ng'ombe wetu mweusi amefaulu kidato cha pili. Na kwamba mwalimu wa zamu ameolewa na jini wa Hirbadaw. Jibu likaja baada ya wiki sita: "Acha utani, niko sura ya nne. Profesa ameisifu orodha yako. Muda wangu wa kutumia mashine umekwisha. Kikibadilika kitu sasa, narudi nyumbani bila shahada."

Barua hiyo niliisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi. Sikuandika tena. Nilijiambia programu ni ya kupata alama tu, hakuna trekta litakaloisoma. Usiku wa mtihani wa hesabu nilimwota babu anatembea, ananihesabia hatua.

Kaka akatetea tasnifu, akapita. Alirudi wakati wa likizo yetu, akakabidhi mpango wake ofisini, siku chache baadaye tukachinja mbuzi. Asubuhi ile majirani walikuja, kila mtu akitaka kushika cheti. Mbali kidogo, upande wa shamba, buldoza lilikuwa linanguruma. Linasimama, linanguruma. Mama akasema wameanza kazi mapema mwaka huu. Mimi nilikuwa nimeshika pande la nyama, nikalirudisha kwenye sinia.

Kaka akatandaza ramani yake juu ya ngozi ya kukalia. Bibi hajui kusoma. Aliinama, akapitisha kidole juu ya mistari.

"Nionyeshe babu yako."

Kaka akatafuta. Akatafuta tena. Nikanyoosha mkono, nikaweka kidole kwenye namba kumi na saba.

"Hicho ni kichuguu," kaka akasema.

Sikuondoa kidole. Akaniangalia.

"Ile barua haikuwa utani."

"Haikuwa."

"Na vichuguu ndivyo vinavyoanza kuondolewa," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokiandika mwenyewe. Tayari alikuwa amesimama. Tulikimbia, na bibi akaja nyuma yetu bila kukimbia.

Buldoza lilikuwa limezimwa. Dereva, kijana mgeni, alishuka, akavua kofia alipomwona bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi akasema, maana salamu haikosi jibu.

Dereva akatutolea karatasi. "Mimi nimefuata hii tu, kaka. Imeandikwa kichuguu."

Kaka aliishika karatasi, akaisoma mpaka chini. Mbele yetu ilikuwa ardhi nyeusi, tambarare, na vipande vya miti vimechanganyika na udongo. Bibi alikuwa ameng'oa nyasi njiani. Alizunguka nazo mkononi, akaenda huku, akarudi.

"Alikuwa wapi?" akaniuliza mimi.

Nilirudi mpaka kwenye mgunga, nikaanza kuhesabu. Kaka alinifuata nyuma, hatua kwa hatua, midomo yake ikihesabu bila sauti. Mia nne na kumi na mbili. Nikasimama. Bibi akaweka nyasi mbele ya viatu vyangu.

Wiki ijayo wanapanda ngano. Bibi ameshaniambia kwamba kila likizo nitakuwa naenda naye, kumhesabia.