Hewa Ndani ya Bomba la Ijumbi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Maji wa Mkoa hakunipa kiti. Alitazama viatu vyangu vipya, akaniambia, "Binti, shahada nimeiona. Sasa tafuta viatu vya kutembelea."

Ilikuwa Bukoba, enzi za vijiji vya ujamaa, na mhandisi wa kike alikuwa kioja. Makarani walidhani nimekuja kupiga chapa. Wiki ile ile Bwana Mhandisi alinikabidhi mradi wa Ijumbi, Muleba: maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe toka chemchemi ya mlimani hadi kijijini, bila pampu. Afisa mmoja mwandamizi alimwonya kwamba kazi ile ilihitaji mwanamume. Akajibu, "Inahitaji mtu anayejua hesabu."

Kila Jumamosi alikuja tukatembea njia yote ya bomba, mimi nikiwa na darubini ya kupimia usawa wa ardhi. Hakunipa jibu hata mara moja. Aliuliza tu: hapa maji yana nguvu kiasi gani? Mvua kubwa ikinyesha, udongo huu utakwenda wapi? Nilikasirika mara nyingi. Nilidhani ananidharau.

Wanakijiji walichimba mtaro kwa kujitolea, akina mama wakiwa wengi kuliko wanaume. Siku ya ufunguzi uwanja ulijaa, ngoma zikilia. Mwenyekiti wa kijiji alifungua kilula, lile bomba la kuchotea. Halikutoka tone. Likakohoa, likanyamaza.

Yule afisa mwandamizi alisimama. "Kosa hili ni la nani?"

Nilifungua mdomo kukiri, lakini Bwana Mhandisi alinitangulia.

"Ni langu. Mradi ni wa ofisi yangu," akasema. Kisha akanigeukia, sauti ya chini. "Mhandisi, maji yako yamekwama wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikafumba macho, nikaitembea ile njia kichwani, hatua kwa hatua kama Jumamosi zote zile. Nikafika kwenye ule mwamba wa migombani. Wachimbaji walishindwa kuuvunja, wakapitisha bomba juu yake, nami nikakubali. Bomba linapopanda namna ile na kushuka tena, hewa hujikusanya ndani yake, pale juu linapopinda, na kuzuia maji.

"Hewa!" nikapiga kelele. "Iko mwambani!"

Nilikimbia migombani na spana mkononi, nusu ya kijiji nyuma yangu. Tukafukua. Nikalegeza kiungio kidogo tu. Hewa ikafoka kama nyoka, ikafoka weee, kisha maji yakanirukia usoni. Nikakaza. Kutoka uwanjani tukasikia vigelegele, na mama mmoja mzee akanikumbatia nikiwa nimelowa chapachapa: "Kasinge, mwana wange! Kasinge!" Asante, mwanangu.

Wiki iliyofuata nilifunga hapo valvu ya hewa, kifaa kinachoitoa hewa chenyewe. Sikusahau tena kifaa hicho kokote nilikopelekwa, tangu nikiwa Mhandisi wa Wilaya hadi nilipokalia kiti cha Mhandisi wa Mkoa, na yule afisa akaja kuniomba maji ya kijiji chake. Nilimpa. Kijiji hakikuwa na kosa.

Nilipostaafu nilikwenda Izimbya kumsalimia mzee wangu, yule Bwana Mhandisi. Alikuwa amezeeka, ameketi barazani akimenya ndizi na mkewe. Nikamwuliza lile nililolibeba miaka yote: kwa nini siku ile hakuniambia kwamba ni hewa, akaniacha niteseke mbele ya watu?

Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Sikujua, mwanangu. Niliogopa kuliko wewe. Nilijua jambo moja tu: kwamba katika uwanja ule, mtu aliyelijua bomba lile kuliko wote, mimi nikiwemo, ni wewe."

Vijana mnaoanza kazi, mtafuteni mtu wa namna hiyo. Nanyi mtakaopewa vijana, waulizeni maswali, kisha muwaamini mbele za watu.