Uchaguzi wa Mfereji wa Mkula

Mwanangu, umeniuliza kama kupiga kura kuna maana. Siku hizi mpunga unapoanza kunukia, huwa nawakumbuka sana watu wa mfereji wetu hapa Mkula, basi nikusimulie.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa kugawa maji ya mashamba. Wagombea walikuwa Mzee Kasiani, mwenye mashine pekee ya kukoboa mpunga, na Mama Skola, mjane asiyejua upendeleo. Tukaambiwa kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Hapo huwezi kuiba kura, kila mtu anaonekana. Lakini Kasiani naye alikuwa akituona. Aligeuka, akatutazama usoni mmoja mmoja. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, njia nzima alikuwa akimsifu Mama Skola. Akanivuta mkono hadi nyuma ya Kasiani.

“Mpunga wetu tutaukobolea wapi?” akaninong'oneza.

Kasiani akashinda, na msimu ule maji yakaishia kwa jamaa zake.

Uchaguzi uliofuata tukadai kura ya siri. Mama Skola akapita, tukapiga vigelegele hadi barabara ya Ifakara. Ah, tulivyocheza siku ile! Nikaona sasa haki imepatikana.

Kumbe bado. Kiangazi kilipofika, tukapiga kura kuifunga njia ya ng'ombe iendayo mtoni, maana ilikatiza mashamba. Kura ilikuwa ya siri, ikahesabiwa mbele ya watu wote. Wafugaji walikuwa wachache, wakashindwa. Jirani yetu Masanja, Msukuma mpole, akasimama.

“Mama mwenyekiti, mmehesabu vizuri. Ila ng'ombe wangu kesho watakunywa wapi?”

Tukainuka, tukaenda zetu.

Hazikupita siku nyingi, ng'ombe wakaingia kwenye mpunga uliokwisha kuchanua. Vijana wetu wakashika mapanga, wa wafugaji wakashika fimbo. Mama Skola akakimbilia katikati, kilemba kimemdondoka.

“Kaeni chini!” akapaza sauti. “Masanja alituuliza swali, tukanyamaza kwa sababu tuko wengi. Leo tutamjibu.”

Tukakaa palepale kwenye majani. Tulibishana, wengine wakalia kwa hasira, mpaka jua likapoa. Mwisho tukakubaliana njia ipite pembezoni mwa mashamba, na Masanja akaingia kwenye kamati ya maji. Hadi leo ng'ombe wanapita huko.

Basi nenda kapige kura, mwanangu. Dai iwe ya siri, ili anayemtegemea tajiri naye achague kwa moyo wake. Usiondoke kabla hesabu haijasomwa. Na jambo likigusa maji au chakula cha wachache, kaeni nao kwanza, kura ije baadaye. Ukishinda, mtembelee uliyemshinda kabla hujaenda kushangilia.

Mungu akupe ujasiri wa kuchagua na subira ya kusikiliza. Wajukuu zangu wakue na majirani wa kila kabila, wasalimiane shikamoo na marahaba bila hofu. Amina.