Farasi Thelathini Waliopotea

Obeid alifungua na kufunga injini Mwanjelwa, Mbeya, kwa miaka ishirini na saba, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Na asikudanganye mtu, alikuwa fundi hasa, si hawa wa kubahatisha. Kipimo chake kilikuwa Mlima Nyoka. Akimaliza injini anapakia magunia ya mchele, anaupanda mlima kwa gia ya tatu. Gari likigoma njiani, anafungua upya.

Pikapu ya Alhaji Zubery, mwuza vitenge na mwenye uwanja ule wa gereji, aliifunga ringi mpya za pistoni, ikaupanda mlima bila kukohoa.

Balaa lililetwa na mashine. Kijana mmoja, Faraji, alitoka nayo Dar es Salaam: gari linawekwa magurudumu juu ya roli za chuma, linakanyagwa mafuta papo hapo lilipo, na kompyuta inataja lina nguvu za farasi wangapi na linavuta kiasi gani. Watu walijaa kama wamekuja ngomani. Alhaji naye akapeleka yake, apate la kujivunia.

Kitabu cha gari kilisema farasi mia na ishirini. Kompyuta ikasema tisini, na mvuto nao pungufu.

"Farasi thelathini wamekwenda wapi, Mzee Obeid?" Alhaji aliuliza mbele ya kadamnasi. "Umenifungia ringi chakavu, zile mpya ukauza?"

"Haki ya Mungu sijauza, Alhaji! Mbeya tuko juu, hewa nyepesi, injini haishibi. Mashine inatakiwa ipangwe kwa hali ya huku. Muulize huyo kijana."

Faraji aliinamia kompyuta. Obeid akaona macho yanavyomkimbia, akajua kijana anajua.

"Mashine haidanganyi," Faraji akasema.

"Kumbe hewa nayo inakula farasi!" mmoja akadakia, wakaangua kicheko. Watu wale wale aliowatengenezea magari tangu hawajaota ndevu!

Alhaji akamkabidhi Faraji gari. Kijana akafungua injini, akaifunga. Alichobadilisha anakijua yeye na Mola wake. Wiki ile ile Alhaji akateremka nalo Dar es Salaam. Alipofika akampigia Saulo, mpiga rangi wa pale gereji, na Saulo akaweka spika.

"Gari linaruka! Mpe huyo mzee asikie! Hii ndiyo kazi ya mtu aliyesoma."

"Alhaji, huko ni pwani," Obeid akasema. "Hewa ya huko nzito, gari lolote lazima..."

"Bado unabisha tu? Ungekiri ningekusamehe. Nikirudi nisikukute uwanjani kwangu."

Saulo akakata simu, akarudi kwenye rangi yake. Obeid akafungasha spana, akaenda nyumbani, akamsimulia mkewe yote, kuanzia roli za chuma hadi simu. Lea alisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Baba Timotheo," akasema taratibu, "mimi ni mkeo, sitakutangaza. Hizo ringi ulimuuzia nani?"