Mume wangu na kisamvu cha mama

Jamani, leo nimemwonea wivu mume wangu hadi nikasahau kumwamkia mama yangu.

Nimetoka kazini mapema, nikapitia Bangwe kumwona mama. Naingia uani, namkuta Baba Nuru, mume wangu kabisa, kajifunga khanga ya mama, anatwanga kisamvu!

Na mimi najua yuko dukani kwake Mwanga.

Mama kakaa kwenye kigoda, anamwelekeza. "Twanga taratibu, mwanangu. Mawese tutatia majani yakishaiva."

Mwanangu!

Kumbe hii ni mara ya nne anakuja. Kupika samaki wa migebuka ameshafuzu.

Sasa mimi niliyezaliwa na huyo mama, kila nikisogea jikoni nilikuwa naambiwa, "Toka hapa, kasome." Hadi leo kisamvu nanunua kilichotwangwa tayari.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, mbona mimi hukunifundisha?"

Akanitazama. "Nilikufukuza ili usome. Ulipomaliza kusoma nikakusubiri, hukuja. Mwenzio kaja mwenyewe kuniomba."

Baba Nuru kainamia kinu kama hasikii.

Chakula kikaiva. Nimekula sahani mbili huku nimenuna, maana kilikuwa kitamu kweli, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Wakati wa kuaga nikajikaza. "Mama, Jumamosi na mimi nakuja kujifunza."

Akacheka. "Njoo. Baba Nuru atakuonyesha pa kuanzia."

Nyie, mngekuwa mimi mngejibu nini hapo?